Ndege Iliyofika Kantini

Ndege ya jioni ilitua salama, ikatembea salama, na ikafika salama salimini nyuma ya kantini ya wafanyakazi, mahali ambapo hakuna ndege iliyowahi kualikwa. Abiria walipiga makofi. Wengine walisimama wakaanza kushusha mikoba yao. Mpishi, ambaye alikuwa akisugua sufuria ya mwisho, aliinua kichwa akaona pua ya ndege imejaa dirisha zima. Kwa kuwa ni mtu wa kufuata taratibu, alifungua dirisha akapaza sauti: "Tumeshafunga!"

Aliyeileta hapo hakuwa rubani. Giza likiingia, kiwanja cha ndege hubaki taa tupu, za bluu pembeni na za kijani katikati, na rubani aliyekaa kule juu hawezi kujua kwa macho ipi ni njia ya ndege na ipi ni njia ya gari la taka. Ndiyo maana kuna gari dogo la njano lenye ubao nyuma unaowaka neno moja: NIFUATE. Gari hilo huipokea ndege ikitoka kutua, likatangulia mbele, na ndege yenye abiria wake wote hulifuata kwa adabu kama mtoto wa darasa la kwanza anayepelekwa chooni.

Dereva wa gari hilo alikuwa mtu mzima mwenye mke, binti mmoja na sharubu alizozitunza vizuri. Mtaani walimwita Nifuate, na jina hilo alilipenda hadi jioni ile. Alipofika kwenye kona ya tangi la maji, badala ya kunyoosha kwenda maegesho ya ndege, alikata kushoto, kama anavyokata kila siku kazi ikiisha akirudisha gari bandani. Ndege nayo ikakata kushoto. Isingeweza kufanya vingine. Ubao ulikuwa umesema.

Rubani alikanyaga breki alipoona, kwenye mwanga wa taa zake, vitambaa vya jikoni vimeanikwa kwenye kamba. Katika miaka yake yote ya kuruka hakuwahi kuegesha penye kamba ya nguo. Na ndege haijui kurudi nyuma yenyewe, hivyo ikabaki pale pale, imemkodolea macho mpishi, hadi trekta la kuivuta lilipokuja. Wakubwa wa kiwanja walifika na tochi. Wakamulika bawa la kulia, wakafuata mpaka kwenye ncha yake, wakakuta imesimama hatua chache tu kutoka kwenye banda la mitungi ya gesi ya jikoni. Ndani ya mabawa ndimo mafuta ya ndege yanamokaa. Hapo hakucheka mtu.

"Taa za konani zilikuwa zimezimika," alisema Nifuate kabla hajaulizwa. Akarudia. Akairudia tena kwa mpishi, ambaye hakuwa na cheo chochote katika jambo hilo.

Wakubwa walikwenda konani na tochi zao, na kweli, taa mbili za bluu zilikuwa zimezimika.

"Basi kamati itakaa Ijumaa," alisema mkuu wa usalama. "Dereva atakuja, na fundi wa taa atakuja. Atakayeonekana ndiye mwenye kosa, hana kazi hapa."

Lilikuwa jambo la haki na lililonyooka, isipokuwa kwa kitu kimoja. Fundi wa taa alikuwa mdogo wake mke wa Nifuate, na alikuwa akiishi kwa dada yake, yaani kwa Nifuate, katika chumba kilichopakana na bafu.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu na meza moja, na hiyo meza moja ndiyo iliyoleta shida. Mama wa nyumba hiyo, mke wa Nifuate, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mchana meza ilikuwa yake, imejaa kola na vifungo, na jioni ilikuwa ya chakula. Sasa jioni hizo wanaume wawili walikaa kila mmoja upande wake, wamenuniana kama wake wenza, na katikati yao alikaa binti, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa nyumbani likizo. Binti huyo hakuwahi kuifurahia likizo namna ile.

"Mwambie mjomba wako asogeze chumvi," alisema Nifuate.

"Mjomba, baba anaomba chumvi. Ameomba kwa unyenyekevu."

"Sijasema kwa unyenyekevu!"

"Mwambie baba yako," alisema mjomba, "chumvi iko mbele yake. Kama haioni, pengine taa imezimika."

Binti akameza kicheko pamoja na wali. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Lakini meza ilikuwa ndogo na miguu mingi, kwa hiyo aliyeruka alikuwa mumewe.

"Unanikanyaga mimi? Mimi ndiye niliyeacha taa zikazimika? Shemeji, sema kweli, zile taa zilizimika au hazikuzimika?"

"Zilizimika."

"Mnasikia! Amekiri!"

"Mbili, shemeji! Mbili! Konani pale ziko taa kumi na kitu. Kwani wewe kila taa unaisalimia moja moja? Umepita kona ile miaka yote, hata ukifungwa kitambaa usoni utapita."

"Ndivyo mnavyosema nyie mafundi. Giza halina mwenyewe."

"Lina mwenyewe, na Ijumaa mimi ndiye nitakayetwishwa."

Fundi wa taa alikuwa kijana bado, hajaoa, na kazi hiyo ilikuwa ya kwanza kwake yenye sare na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Hata nyumbani alichelewa kukivua. Nifuate alikitazama kile kitambulisho, akatazama pembeni.

"Mwambie mama yako," alimwambia binti, ingawa mama alikuwa ameketi ubavuni pake, "chakula ni kitamu."

*

Mtaani habari ilikuwa imefika hata kabla ya ndege kuvutwa. Muuza duka, ambaye huko nyuma alikuwa akimwachia Nifuate kiti, sasa alimwona anakuja akawauliza wateja, "Tumfuate au tusimfuate?" Watoto wa jirani walijipanga nyuma yake kwa mstari, mikono wameinyoosha kama mabawa, wakamsindikiza kutoka dukani hadi mlangoni kwake, na walipofika wakauliza chakula ni nini. Mteja mmoja alikuja kuchukua sare ya mwanawe, akapokea, akashukuru, kisha akamwambia mama kwa sauti ya pole ya msibani: "Na huyu mzee wako, siku za karibuni, hapotei njia ya kurudi nyumbani?"

Mama alicheka kidogo kwa heshima. Mteja alipoondoka, alikaa na sindano mdomoni akiwaza. Hilo swali lilikuwa la kejeli, lakini lilikuwa na kitu ndani yake.

Mdogo wake alikuja akasimama mlangoni, kitambulisho kikiwa shingoni.

"Dada, Ijumaa wakija kukuuliza mambo ya nyumbani, utasema nini?"

"Nani atakuja kuniuliza mimi? Mimi nashona kola."

"Ukiulizwa tu. Uko upande gani?"

"Niko upande wa meza, ambayo nyie wawili mmenigeuzia mahakama. Toka hapo, unaniziba mwanga."

Hakutoka. "Zile taa niliziona asubuhi yake," alisema taratibu. "Nikasema nitabadilisha kesho. Lakini dada, nakuapia, pale panaonekana. Hata zikizimika nne panaonekana."

"Hilo la asubuhi umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi usimwambie mwingine kabla sijafikiri."

Alifikiri hadi mumewe aliporudi. Alimpa maji ya kunywa, akamwacha akae, akamuuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Hivi gari lako lina kioo cha nyuma?"

"Kwa nini lisiwe nacho?"

"Na ndege kubwa hivyo haikuonekana kiooni?"

"Kioo huwa tunakikunja." Alieleza kwa subira ya mwalimu. "Ndege ina taa kali mbele. Ikikumulika kwenye kioo usiku, macho yanaungua, huoni mbele wala nyuma. Madereva wote hukikunja."

"Kwa hiyo ukiongoza ndege, humwoni unayemwongoza."

"Huna haja ya kumwona. Anakufuata."

"Sawa. Na wale wa mnara wa kuongozea ndege hawakuwaona mnapotea?"

"Waliita. Ila pale konani mimi huhamisha redio, natoka kwao naingia kwa mlinzi wa banda, nimwombe anifungulie geti."

Mama alichomoa sindano mdomoni. "Ulimwomba mlinzi akufungulie geti?"

"Ndiyo."

"La bandani."

"Ndiyo, la ban—" Maji yalikuwa yamebaki nusu. Akayanywa yote kwa mkupuo ili mdomo uwe na kazi. "Mama, haya mambo ya kiwanja yana utaalamu wake. Wewe huwezi kuyaelewa. Taa zilizimika, basi."

Na yeye mwenyewe aliamini. Mara ya kwanza alikuwa ameyasema maneno hayo kwa woga, lakini ya kusemwa mara nyingi huzoeleka, na kufikia hapo alikuwa akiliona lile giza la konani waziwazi, jeusi tititi, lenye upana wa uwanja wa mpira.

Mkewe hakubisha. Alikuwa amemfuata mtu huyu tangu walipooana: kwenda hospitali, kwenda harusini, kwenda kuzika. Uso wake aliujua kiasi, lakini kisogo chake alikijua kabisa.

*

Alhamisi, jua lilipokwisha kuzama, mama alifunga sare zilizokamilika marobota mawili.

"Haya, wote tunakwenda kwa mwalimu mkuu kuzipeleka. Kesho anazihitaji."

"Wote?" aliuliza mdogo wake.

"Wote. Mzigo ni mzito na barabara ina giza. Mzee, wewe tangulia, unaijua njia."

Nifuate alipenda kutangulia. Alijitwika robota moja, akashika mwendo, na familia ikajipanga nyuma. Barabara ilikuwa na nguzo za taa chache, nyingine zinawaka, nyingine zimechoka. Kwa mwalimu mkuu ni kunyoosha moja kwa moja. Kabla ya hapo kuna njia panda, na ukikata kulia pale unafika kituo cha basi, ambako Nifuate hupanda basi la kazini kila siku ya Mungu.

Walipokaribia njia panda mama alisema, si kwa ukali, kama mtu aliyekumbuka tu:

"Halafu wewe, siku ile ya mzigo wa vitambaa, uliniacha barabarani peke yangu. Hujawahi kumsubiri mtu wewe."

Kisogo cha Nifuate kilinyooka.

"Mimi?" alisema bila kugeuka. "Mimi sijawahi kumsubiri mtu? Haya, ngoja nikujibu leo, maana hilo jibu ninalo."

Akaanza kujibu. Mama akanyoosha mkono, akamzuia mdogo wake kifuani na binti begani.

"Simameni," alinong'ona.

Wakasimama. Nifuate aliendelea. Robota lilikuwa kichwani, mkono mmoja umelishika na mwingine ukihutubia. Walimsikia akianza na harusi ya binamu yake, alikosubiri saa nzima mke akitafuta kiatu. Akaingia kwenye habari za hospitali. Akafika njia panda na, bila kupunguza mwendo wala sauti, akakata kulia.

"Dada," alinong'ona fundi wa taa, "anakwenda wapi?"

"Kazini," alisema dada yake.

Binti alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ilizidi kufifia, "...na siku ya mvua je, nani alisimama chini ya mti...", hadi ikabaki ya mbwa tu.

Walimkuta kituoni. Alikuwa amesimama katikati ya abiria waliokuwa wakingoja basi, robota bado kichwani, akiwa amemaliza hoja yake na kugeuka apokee ushindi. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa mzee mmoja asiyemfahamu, mwenye kikapu.

"Mimi nakubaliana na wewe," mzee alikuwa akimwambia. "Wake zetu hawana shukrani."

Nifuate aliwaona watu wake watatu wanakuja polepole kutoka gizani. Akatazama kituo. Akatazama basi lililokuwa likipunguza mwendo mbele yake na kondakta aliyekuwa akimwambia, "Mzee, twende, mzigo weka nyuma." Alishusha robota, akakaa juu yake. Basi likaondoka.

Binti, ambaye alikuwa ameandaa vichekesho vitatu vizuri njiani, aliona sura ya baba yake akaviweka akiba.

"Nilikuwa nakujibu," alisema Nifuate hatimaye.

"Najua," alisema mkewe.

"Na siku ile..." Alipangusa sharubu. "Siku ile ya ndege, ndiyo ile asubuhi uliyoniambia hivyo hivyo. Kwamba simsubiri mtu. Nikaenda nayo kazini. Mchana kutwa sikupata jibu. Jioni ndiyo likaja, pale karibu na tangi la maji. Lilikuja zuri sana." Alitazama lilikokwenda basi. "Nilisahau kama nina ndege."

Fundi wa taa alitazama viatu vyake.

"Watu wote wale," alisema Nifuate. "Na ile mitungi. Kama rubani asingeona vitambaa vya jikoni..."

Mkewe alikaa naye juu ya robota, ingawa zilikuwa sare zilizopigwa pasi.

"Na taa je?" aliuliza shemeji yake, kwa sauti ndogo.

"Taa sikuziangalia, shemeji. Hata zingewaka zote na zikaimba, nisingeziona."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza ya amani kuambiana bila mkalimani tangu siku ile ya ndege. Mkalimani alisikitika kidogo kupoteza kazi.

*

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Mkuu wa usalama alikaa katikati, rubani pembeni yake, na mpishi aliitwa kama shahidi, akaja na kofia yake ndefu.

Nifuate alisimama.

"Taa hazihusiki," alisema. "Nilisahau kuwa naongoza ndege. Kioo nilikikunja, redio niliihamisha, mawazo yalikuwa nyumbani."

"Mawazo gani hayo?" aliuliza mkuu wa usalama. "Hapa tunazungumzia maisha ya watu. Yaeleze."

"Nilikuwa natunga jibu la mke wangu. Alikuwa amenisema asubuhi."

Mkuu wa usalama, mwenye ndoa ya miaka mingi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jibu lenyewe lilikuwa lipi?"

"Nimelisahau, mkuu. Ndege iliposimama lilipotea."

"Pole," alisema mkuu, na ilionekana anaisema kwa moyo. Rubani alitazama dirishani, mabega yakimcheza.

Ndipo fundi wa taa aliposimama bila kuitwa. "Mkuu, na mimi nina langu. Taa mbili niliziona asubuhi zimezimika, nikasema kesho. Kama angekuwa dereva mgeni, kosa lingekuwa langu."

"Shemeji, kaa chini," alisema Nifuate. "Kosa ni langu."

"Sikai. Na mimi lipo langu."

"Nimesema ni langu!"

"Kaeni wote!" alisema mkuu wa usalama. "Makosa yapo ya kutosha, kila mtu atapata lake."

Na kila mtu alipata. Hata wakubwa walijipatia: walikubali kwamba hakuna aliyewahi kukagua kama madereva wanakunja vioo, wakaagiza vioo vya giza visivyochoma macho, na wakakataza redio kuhamishwa ndege ikiwa njiani. Banda la mitungi ya gesi lilipewa amri ya kuhama. Mpishi alitakiwa asianike tena vitambaa nje, lakini rubani akasimama akasema vitambaa vibaki. Fundi wa taa alipewa onyo, na amri ya kuzikagua taa zote kila jioni kwa miguu. Nifuate hakufukuzwa, kwa kuwa alisema kweli kabla ya kubanwa. Alivuliwa gari. Akapewa vijiti viwili vinavyowaka na kupelekwa maegesho, kazi ya kusimama chini mbele ya ndege na kuiashiria njoo, njoo, taratibu, simama. Kazi hiyo hufanywa na vijana, na waliokuwa chini yake sasa walimfundisha namna ya kunyoosha mkono. Lakini ina sifa moja: huwezi kuifanya bila kumtazama usoni anayekufuata.

*

Jumapili walitoka kwenda kumtembelea mgonjwa, jua likiwa limezama. Nifuate alitangulia, mwendo wa mtu haubadilishwi na kamati. Ila sasa kila baada ya nguzo ya taa aligeuza shingo.

"Mpo?"

"Tupo," walijibu.

Nguzo nyingine. "Mpo?"

"Tupo, baba, tembea!"

"Wewe binti ni wa kujibu tu. Mama yako yupo?"

"Yupo."

Walipofika njia panda, mahali ambapo taa haiwaki, mama aliwashika mikono mdogo wake na binti, akawavuta nyuma ya kibanda cha muuza mkaa kilichofungwa. Wakabana pumzi.

Nifuate alikwenda hatua kadhaa. Akasimama. "Mpo?"

Kimya.

Aligeuka mzima mzima. Akarudi akiangaza gizani, mikono imeinuka yenyewe kama ameshika vile vijiti, akiita barabara tupu ije, ije, taratibu.

"Mama? Mama, uko wapi? Nakusubiri!"

Fundi wa taa alitaka kutoka. Dada yake akamrudisha kwa kiwiko.

"Tulia," alinong'ona, akitabasamu gizani. "Hii nimeingoja tangu harusi. Mwache asubiri kidogo."